UZI: Wagonjwa wa pumu duniani wanaongezeka au wanapungua? Leteni hesabu, siyo mabango

Kikokotoo #1

Salaam wakuu. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Mei, Siku ya Pumu Duniani, hurudi ile sentensi ya kila mwaka: "pumu inaongezeka kwa kasi." Mmoja anabandika watu milioni 300, mwingine milioni 339, mwingine milioni 262, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo sahihi. Zote zimechapishwa na watu makini. Kosa ni kuzipanga foleni kana kwamba zilitoka kwenye mzani mmoja.

Zitazameni. Makadirio ya 2004 yalisema milioni 300. Ripoti ya 2014, milioni 334. Mradi wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, GBD, ukatoa milioni 358 kwa mwaka 2015. Ripoti ya 2018 ikasema milioni 339. Kisha makadirio ya mwaka 2019 yakaja na milioni 262, na ya 2021 milioni 260. Ukichora grafu unapata kilima halafu poromoko: watu karibu milioni 100 wamepona ndani ya miaka minne! Hakuna aliyepona. Kilichobadilika ni kikokotoo (siyo mimi).

GBD ikitoa toleo jipya haiongezi mwaka mmoja mwishoni tu. Inapiga upya hesabu zote kurudi nyuma hadi 1990, kwa data mpya na fomula zilizorekebishwa. Toleo la 2019 linasema mwaka 1990 wagonjwa walikuwa takriban milioni 227. Toleo la 2021 linasema mwaka huohuo wa 1990 walikuwa takriban milioni 287. Mwaka mmoja, dunia moja, tofauti ya watu milioni 60. Kwa hiyo usichukue 1990 ya toleo hili ukailinganisha na 2021 ya toleo lile. Linganisha ndani ya toleo moja tu.

Nyuki_Mkali #2

Sawa mkuu, basi tukae ndani ya toleo moja. Pumu imepanda au imeshuka?

Kikokotoo #3

Toleo la 2019: idadi ya wagonjwa imepanda kama asilimia 16 tangu 1990, lakini kiwango kilichosawazishwa kwa umri kimeshuka asilimia 24. Toleo la 2021: kiwango hicho kimeshuka asilimia 40 hivi.

Wanaochanganywa na "kusawazishwa kwa umri", anzeni na hesabu ya kawaida ya kugawanya. Mwaka 1990 dunia ilikuwa na watu kama bilioni 5.3, mwaka 2019 bilioni 7.7. Milioni 227 gawanya kwa bilioni 5.3 unapata asilimia 4.3. Milioni 262 gawanya kwa bilioni 7.7 unapata asilimia 3.4. Wagonjwa wameongezeka, ila watu wote wameongezeka kwa kasi zaidi. Kusawazisha kunaongeza jambo moja: kunaondoa athari ya dunia kuzeeka, kwa sababu pumu haiwapati watoto na wazee kwa kiwango sawa.

Kwa hiyo anayesema "idadi imeongezeka" na anayesema "kiwango kimeshuka" wanaweza wote kuwa sahihi, na wakakesha wakitukanana.

Darasa_B #4

Hapo nakubali, ila tahadhari. GBD ni makadirio. Nchi isiyo na utafiti hujazwa namba kwa kutazama majirani zake na mambo mengine yanayokwenda pamoja na ugonjwa. Ukitaka kujua mwelekeo kwa macho, rudi kwa waliopita shuleni wakiuliza swali lilelile, kwa watoto wa umri uleule, mji uleule, miaka kadhaa baadaye. Kazi kubwa kuliko zote za aina hiyo ni ISAAC, utafiti wa kimataifa wa pumu na mzio kwa watoto, ulioanza 1991 na kuongozwa kutoka Auckland, New Zealand.

Awamu ya kwanza matokeo yake yalitoka 1998: watoto 463,801 wa miaka 13–14, vituo 155, nchi 56. Tofauti kati ya mahali na mahali zilifika mara 20 hadi 60. Juu kabisa walikuwa Uingereza, New Zealand, Australia na Ireland. Chini walikuwamo Indonesia, Ugiriki, China, India na Ethiopia. Awamu ya tatu, miaka ya mwanzo ya 2000, ilirudia swali lilelile. Nchi zinazozungumza Kiingereza na Ulaya Magharibi zilikuwa zimetulia au kushuka, na sehemu nyingi zilizokuwa chini zilikuwa zinapanda. Pengo likapungua kutoka pande zote mbili.

Kwa Afrika, vijana wenye dalili za pumu Cape Town walitoka asilimia 16 mwaka 1995 hadi 20.3 mwaka 2002. Kenya ilikuwa na vituo viwili, Nairobi na Eldoret. Eldoret ilipanda kutoka karibu 10 hadi karibu 14, Nairobi ilianza juu zaidi na haikusogea sana.

Kazi hiyo ikarithiwa na Global Asthma Network, iliyoundwa 2012. Duru yao ya 2015–2020 ilikuta dalili za pumu ndani ya miezi 12 kwa asilimia 9.1 ya watoto wa miaka 6–7, asilimia 11.0 ya vijana wa 13–14 na asilimia 6.6 ya watu wazima. Waliporudi vituo vya zamani, sehemu nyingi zilikuwa zimeshuka kidogo, lakini kundi la nchi za kipato cha kati cha chini lilikuwa bado linapanda. Kwa hiyo jibu fupi la swali la uzi: inategemea umesimama wapi.

Mkokoteni #5

Swali la mgeni. Hao watoto walipimwa au waliulizwa tu?

Darasa_B #6

Waliulizwa. Haikukusudiwa kumtambua mgonjwa mmojammoja, ilikusudiwa kulinganisha makundi. Kwa anayetaka kuiga kwenye wilaya yake, utaratibu ni huu.

Chagua shule kwa bahati nasibu, zisipungue 10, kutoka eneo lenye mipaka inayojulikana. Lenga watoto 3,000 kwa kila kundi la umri. Ukiwa na 1,000 bado utapata kiwango cha jumla, lakini pumu kali ni wachache, na namba yao itayumba. Vijana wa 13–14 wanajaza wenyewe darasani; wa 6–7 hujaziwa na wazazi. Mrejesho uwe angalau asilimia 80 kwa wakubwa na 70 kwa wadogo. Ukishuka hapo jiulize nani hakujibu: mtoto anayekosa shule mara kwa mara kwa sababu ya kifua ndiye huyohuyo hayupo siku ya dodoso, na namba yako inashuka bila ugonjwa kushuka.

Maswali yapo manane. Swali kuu ni la mlio wa kifua ndani ya miezi 12 iliyopita. Yanafuata ya uzito: umeshikwa mara ngapi (hakuna, 1–3, 4–12, zaidi ya 12), usiku umekatizwa usingizi mara ngapi, umewahi kubanwa hadi ukashindwa kusema zaidi ya neno moja au mawili kwa pumzi moja. Kisha kama amewahi kuwa na pumu, kifua kulia baada ya mazoezi, na kikohozi kikavu cha usiku kisicho cha mafua. Neno "pumu" linakaa karibu na mwisho makusudi. Ukianza nalo, ambaye hajawahi kuambiwa ana pumu atajibu "hapana" kila mahali na kukurudishia karatasi.

Tafsiri_Huru #7

Nyongeza, na hapa ndipo tafiti nyingi za kwetu huvuja. Swali lote linasimama juu ya sauti moja: ule mlio mwembamba mtu anapotoa pumzi. Kiswahili hakina neno moja ambalo kila mtu analielewa hivyo.

Ukiandika "kifua kubana" unapata pia mwenye mafua, mwenye hofu na mwenye ugonjwa wa moyo. Ukiandika "kuhema" au "kutweta", kila aliyekimbia mchakamchaka atasema ndiyo. "Kukoroma" ni cha usingizini, kinatoka kooni na puani. "Ana kifua" ndiyo mbaya kuliko zote, sehemu nyingi inasikika kama kifua kikuu, na mzazi ataficha. "Mluzi" na "filimbi" ziko karibu zaidi, lakini peke yake "unapiga mluzi?" ni swali la kihuni. Lazima liwe refu: "Ndani ya miezi 12 iliyopita, umewahi kupumua kifua kikitoa sauti kama mluzi au filimbi?" Kisha mpe mtu mwingine alitafsiri kurudi lugha ya awali bila kuona asili. Likirudi "umepumua kwa shida?", umepotea, anza upya.

Tatizo hili si la Kiswahili tu, na ISAAC walilijua. Ndiyo maana walikuwa na dodoso la video kwa vijana, lenye matukio matano: mtu ametulia kifua kinalia, mwingine baada ya mazoezi, anayeamshwa usiku na mlio, anayeamshwa na kikohozi, na aliyebanwa vibaya. Kijana anaona na kusikia, halafu anajibu kama imewahi kumtokea. Kama bajeti inaruhusu projekta moja, tumia video na karatasi pamoja, karatasi kwanza.

Nyuki_Mkali #8

Mimi napinga hoja ya "imeshuka" kwa sababu mnaanzia 1990, kileleni. Rudini nyuma.

Finland ina kumbukumbu za vijana wanaopimwa kabla ya jeshi. Kuanzia 1926 hadi 1961 pumu ilikuwa kati ya asilimia 0.02 na 0.08. Mwaka 1966 ikawa 0.29. Mwaka 1989 ikawa 1.79. Aberdeen, Scotland, watoto wa shule waliulizwa 1964 na tena 1989: waliowahi kulia kifua walitoka asilimia 10.4 hadi 19.8. Kwa hiyo nchi tajiri zilipanda miongo mitatu mfululizo, zikafika dari, ndipo zikatulia. Anayeanza kusoma kitabu sura ya mwisho asituambie hadithi haina mwanzo.

Kikokotoo #9

Hoja nzito, naipokea. Ila usisahau sehemu ya kupanda kule ni kubadilisha jina. Miaka hiyo madaktari Uingereza walikuwa na utambuzi wa "bronkaitisi yenye mlio" (bronkaitisi ni uvimbe wa mirija ya hewa) kwa watoto. Baadaye wakaambiwa hao ni wa pumu, wapewe dawa ya pumu. Ndiyo maana Aberdeen ina thamani: iliuliza dalili, na dalili nazo zilikaribia kuongezeka maradufu. Jina lisingeweza kufanya hivyo peke yake. Rekodi za jeshi ni utambuzi wa daktari, zinaathirika zaidi na mitindo ya zama.

Marekani wanaonyesha dari vizuri: watoto asilimia 9.4 mwaka 2010, 8.3 mwaka 2016, 6.5 mwaka 2021.

Bomba_la_Hewa #10

Kabla hamjafika mbali, tenganisheni vitu vitatu: aliyeambiwa ana pumu, mwenye dalili, na mwenye pumu kweli. Kila kimoja kina namba yake.

Uchunguzi wa WHO wa 2002–2003 kwa watu wa miaka 18–45 katika nchi 70 ulikuta walioambiwa na daktari asilimia 4.3, lakini waliolia kifua asilimia 8.6. Kwa walioambiwa na daktari, Australia ilikuwa 21.0 na China 0.2. Nani ataamini Mwaustralia ana mapafu mabovu mara 100 kuliko Mchina? Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni nani anafika kwa daktari na daktari anaandika nini.

Kosa linaenda pande zote mbili. Canada walichukua watu wazima 613 walioambiwa wana pumu ndani ya miaka mitano, wakawapima upya na kuwapunguzia dawa taratibu: theluthi moja hawakuwa nayo tena, au hawakuwahi kuwa nayo. Upande wa pili, utafiti wa ACACIA uliuliza wanafunzi zaidi ya 27,000 wa miaka 12–14 katika miji ya Ghana, Malawi, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Asilimia 12 walikuwa na dalili. Kati yao waliowahi kutambuliwa ni mmoja kati ya watano hivi. Ukitumia daftari la hospitali huku, unahesabu huyo mmoja na kuwaacha wanne.

Uganda walifanya uchunguzi wa kaya kwa watu wa miaka 12 na zaidi na kupata asilimia 11: mijini 13.0, vijijini 8.9.

Mkokoteni #11

Na huko kijijini kusiko na mashine, pumu inathibitishwaje?

Bomba_la_Hewa #12

Kwa kipimo cha kupuliza cha plastiki, kile chenye mshale na namba pembeni. Mgonjwa asimame, arudishe mshale kwenye sifuri, avute pumzi hadi mwisho, afunge midomo vizuri, apulize ghafla kwa nguvu zote. Mara tatu, andika kubwa. Mpe salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, mibonyezo 4 ya inhela (mikrogramu 400) kwa chupa ya kuvutia dawa (spacer), subiri dakika 15, apulize tena mara tatu. Ikipanda asilimia 20 au zaidi, ushahidi mzuri. Mfano: 250 ikawa 310, ongezeko ni 60 kwa 250, yaani asilimia 24. Kwa spirometa, mashine ya kupima pumzi, mtu mzima anatakiwa apande angalau asilimia 12 na mililita 200, vyote viwili.

Yanayoharibu: kidole kimezuia mshale, hewa inavuja pembeni mwa mdomo, mtu anapuliza taratibu kama anapoza chai, au ametumia salbutamol asubuhi hiyo. Na matokeo mazuri siku moja hayamwondolei mtu pumu. Ugonjwa huu unakuja na kuondoka. Mpe kipimo akae nacho wiki mbili, aandike asubuhi na jioni, kipimo kilekile, maana viwili tofauti vinaweza kutofautiana.

Udongo_Mwekundu #13

Tumesema sana "kiasi gani", bado "kwa nini". Wengi hukimbilia moshi wa viwanda. Moshi unachochea pumu, hasa wa magari, lakini hauelezi ramani yote. Ujerumani ilipoungana, watafiti walilinganisha watoto wa Leipzig na Halle, mashariki kwenye hewa chafu ya makaa, na wa Munich magharibi. Mashariki bronkaitisi ilikuwa nyingi zaidi. Pumu na mzio vilikuwa vingi zaidi magharibi kwenye hewa safi! Hilo liliwashtua wengi, kwani walitarajia kinyume.

Mfano mwingine uko Marekani: Waamishi na Wahutterite, jamii mbili za Kikristo zinazoishi kivyao. Wote wana asili ya Ulaya ya Kati, wote wakulima, chakula na maisha yanafanana sana. Waamishi wanafuga kizamani, zizi liko jirani na nyumba na mtoto anaingia humo tangu mdogo. Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine, watoto hawagusi ng'ombe. Pumu kwa watoto: Waamishi asilimia 5.2, Wahutterite 21.3, na vumbi la nyumba za Waamishi lilikuwa na mabaki mengi zaidi ya bakteria. Lakini msije mkasema basi uchafu ni dawa. Maambukizi ya mapafu utotoni, moshi wa kuni jikoni na sigara ya mama mjamzito ni mambo ya mazingira pia, nayo yanaumiza.

Mfamasia_wa_Kona #14

Mmeongelea kuugua, hamjagusa kufa. Vifo vimeshuka kwa kasi kuliko ugonjwa wenyewe: kiwango kilichosawazishwa kimepungua karibu nusu kati ya 1990 na 2019. Hata hivyo mwaka 2019 walikufa takriban 455,000, wengi nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini.

Finland tena, kwa sababu nyingine. Mpango wao wa 1994–2004 haukupunguza wagonjwa. Waliotambuliwa waliendelea kuongezeka. Lakini siku za kulazwa zilishuka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kiwango kinachopanda si lazima kiwe habari mbaya, pengine wamepatikana waliokuwa wamejificha.

Kinachoua ni kutibu mlio na kuacha uvimbe ndani ya njia za hewa. Inhela ya buluu (salbutamol) inafungua njia kwa saa chache, uvimbe unabaki. Uingereza walipochambua vifo vya pumu, ripoti ya 2014, kati ya waliokuwa na kumbukumbu za dawa asilimia 39 waliandikiwa zaidi ya inhela 12 za kufungua ndani ya mwaka. Inhela moja ina mibonyezo 200. Tatu kwa mwaka ni mibonyezo 600, sawa na 1.6 kwa siku. Hapo tayari hatari ya kushikwa vibaya inapanda. Kumi na mbili ni zaidi ya 6 kwa siku. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, hautaki mtu mzima wala kijana atibiwe kwa ya buluu peke yake. Lazima steroidi ya kuvuta, dawa ya kupunguza uvimbe, iwemo.

Na kwa mtoto asiye na chupa ya kuvutia ya dukani: Cape Town walionyesha 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi sawa. Kunja waya kwa umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, toboa kitako cha chupa, chomeka inhela, ziba pembeni kwa gundi. Tundu likiwa kubwa dawa inavuja. Tikisa, mbonyezo mmoja, mtoto apumue kawaida mara tano kupitia mdomo wa chupa, ndipo mbonyezo wa pili. Ukibonyeza mara mbili pamoja, chembe zinagongana na kuganda ukutani mwa chupa. Ioshe kwa sabuni ya maji, iache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme na kunasa dawa.

Mkokoteni #15

Basi si rahisi? Tuchukue mauzo ya inhela maduka ya dawa ya wilaya, tupate idadi ya wagonjwa bila kuzunguka shuleni.

Mfamasia_wa_Kona #16

Hapana mkuu. Wilaya imeuza inhela 600 za buluu kwa mwaka. Wanaweza kuwa wagonjwa 50 wanaotumia 12 kila mmoja, au 200 wanaotumia 3. Ondoa wazee wenye mapafu yaliyoharibiwa na sigara au kuni, ondoa walionunua kwa kikohozi cha mafua. Mauzo yakipanda, huenda wagonjwa wameongezeka, huenda ni walewale wamezidiwa. Sweden wanaweza kwa sababu tangu Julai 2005 rejista yao ya dawa inafuata mtu, si kopo.

Ukitaka kutumia daftari la duka, chukua uwiano: za buluu ngapi kwa kila moja ya steroidi. Hauhesabu wagonjwa, ila unaonyesha wanatibiwaje.

Kikokotoo #17

Na uwe mwaka mzima, usikate robo. Mafua yana msimu wake, na ukilinganisha Juni ya huku na Januari ya kule umepima baridi.